Malisho ya Njoro

Mtu akipewa ekari 100,000 za majani mabichi, karibu na reli, penye mvua ya kutosha na ubaridi wa kumfanya Mzungu ajione yuko kwao, halafu katika eneo lote hilo asione kundi la maana la ng'ombe wa Wamaasai, kuna swali linamngoja. Mbona wenyeji, ambao mwaka mzima kazi yao ni kutafuta malisho, wameyaacha haya? Mwaka 1903 Hugh Cholmondeley, aliyejulikana zaidi kwa cheo chake cha Lord Delamere, alipewa ardhi ya namna hiyo huko Njoro, katika Bonde la Ufa, na hakuuliza. Jibu alikuja kulipewa na kondoo wake, waliokufa huku matumbo yao yamejaa.

Vitabu vya historia vya Kenya humtaja kuwa kiongozi wa walowezi na mtetezi wa Nyanda za Juu za Wazungu, kisha huendelea na mengine. Ni kweli ndivyo alivyokuwa. Ila maisha yake yana mambo ya kumfaa yeyote anayekwenda mahali asipopajua akalime, akafuge au akajenge, na siku hizi watu hao ni wengi: mstaafu aliyepokea kiinua mgongo, kijana aliyeuza gari anunue shamba Kajiado, mwekezaji anayeoneshwa ramani ofisini bila kukanyaga udongo wenyewe. Delamere alikuwa na karibu kila sifa tunayohubiriwa kwamba huleta mafanikio. Hakuwa mvivu wala mwoga, na kukata tamaa hakukujua. Sifa hizohizo ndizo zilizomponza.

Alizaliwa mwaka 1870 katika ukoo wa makabaila wa Kiingereza wenye jumba na mashamba ya Vale Royal, huko Cheshire. Alisoma Eton, shule ya watoto wa wakubwa. Alipokuwa na miaka 17 baba yake alifariki, na cheo pamoja na mali vikamwangukia kabla ndevu hazijamtoka sawasawa. Kijana mwenye fedha, farasi na bunduki, asiye na mtu wa kumwambia basi, akaanza mwaka 1891 kwenda Usomali kuwinda simba, akawa harudi Uingereza ila kwa kujiandaa kwenda tena. Mwaka 1894 simba alimkamata. Aliyemwokoa ni mbeba bunduki wake Msomali, Abdullah Ashur, aliyemrukia mnyama yule mikono mitupu hadi bwana wake akaipata bunduki yake. Delamere alichechemea tangu siku hiyo mpaka anaingia kaburini.

Jina la Abdullah Ashur halikuwekwa kwenye barabara yoyote ya Nairobi. La Delamere liliwekwa kwenye barabara kuu kuliko zote. Naliacha hilo hapo, tutalifikia.

Mwishoni mwa 1896 alitoka Berbera na msafara mkubwa wa ngamia, akavuka nchi kavu ya Wasomali na Waborana, na mwaka uliofuata akatokea kwenye nyanda za juu za Kenya. Baada ya miezi ya mawe na miiba, macho yake yakaona vijito vya maji baridi na majani yasiyo na mwisho, na watu wachache mno. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na si yeye peke yake aliyelifanya. Nchi ile haikuwa tupu. Miaka michache tu kabla, homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imepita katika mifugo ya Wamaasai, ikafuatwa na sotoka iliyofagia karibu kila zizi Afrika Mashariki, kisha ndui ikawaingia watu wenyewe, kisha njaa, na juu ya hayo vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wamaasai wanakiita kipindi hicho Emutai, maangamizi. Mgeni aliyepita mwaka 1897 alikuwa sawa na mtu aliyefika nyumbani kwa watu siku ya tatu ya msiba, akakuta mlango wazi na uani hakuna mtu, akaamua kwamba nyumba haina mwenyewe.

Reli ndiyo iliyoligeuza wazo hilo kuwa siasa ya serikali. Njia kutoka Mombasa ilifika ziwa Viktoria mwaka 1901, baada ya kula zaidi ya pauni milioni tano za walipa kodi wa Uingereza na maisha ya Wahindi wengi walioijenga. Ilikuwa haina mzigo wa kubeba. Sir Charles Eliot, aliyekuwa mkuu wa utawala wa Waingereza nchini humo, akaona dawa ni kuleta Wazungu walime, wapakie mabehewa. Delamere akajitokeza wa mbele. Aliomba ardhi Laikipia, akanyimwa kwa kuwa ni mbali na reli. Akaomba Naivasha, akanyimwa kwa kuwa angegombana na Wamaasai. Mara ya tatu akapewa Njoro, kwa mkataba wa miaka 99, kodi ya pauni 200 kwa mwaka, na sharti la kutumia pauni 5,000 kuiendeleza katika miaka mitano ya kwanza. Shamba akaliita Equator Ranch, maana mstari wa ikweta ulipita humo.

Msomaji atazame tena sababu ya kunyimwa Naivasha. Serikali ilijua wenye malisho ya Naivasha ni nani. Njoro ilitolewa kwa urahisi kwa sababu Wamaasai hawakuwa wakiipigania, na kwa karani mwenye ramani mahali pasipopiganiwa ni mahali pa bure. Mfugaji angeambiwa habari hiyohiyo angeshtuka.

Delamere alihamia na mkewe, Lady Florence, binti wa ukoo mwingine wa makabaila kutoka Ireland. Makao yao ya kwanza yalikuwa vibanda vya udongo vilivyoezekwa nyasi, na samani za gharama kutoka Uingereza zikasimama juu ya sakafu ya udongo. Mume alikuwa ameanguka na farasi na kuumia vibaya, akawa anaamrisha kazi nyingine akiwa kitandani. Sitaki kumfanya mwoga wa kazi: alikuwa akiamka alfajiri, akila anachokula, akivaa kofia pana iliyochakaa na nywele ndefu mabegani, hata wageni kutoka Ulaya wakashindwa kuamini kwamba huyu ndiye Lord.

Kisha wakaja kondoo. Aliagiza mamia ya kondoo jike aina ya merino kutoka New Zealand, kwa meli hadi Mombasa, kisha kwa treni. Majani yalikuwa yanafika magotini. Kondoo walikula. Baada ya muda sufu ikaanza kupoteza nuru na kunyofoka, macho yakawa makavu, miguu ikalegea, na mnyama aliyekuwa akitafuna tangu asubuhi akawa anakonda kila wiki kama aliyefungiwa bandani bila chakula. Wengi mno walikufa. Waliobaki hawakuzaa watoto wa maana.

Miaka mingi baadaye wataalamu walitambua kilichokuwa kinaendelea. Sehemu hizo za Bonde la Ufa zina udongo wa majivu ya volkano, na udongo huo una upungufu wa madini, hasa kobalti. Ng'ombe na kondoo huhitaji kobalti kidogo sana, lakini hawawezi kuishi bila hiyo: vijidudu vilivyomo tumboni mwao huitumia kutengeneza vitamini B12, na bila vitamini hiyo mnyama hawezi kukitumia chakula anachokimeza. Anakufa njaa katikati ya shibe. Ugonjwa huo wafugaji Wazungu waliubatiza jina kutokana na mji wa Nakuru, ulio jirani.

Wamaasai hawakujua kobalti ni kitu gani. Walijua kwamba ng'ombe akikaa pale anaharibika, basi wakawa hawakai. Elimu hiyo ilikuwa imehifadhiwa mahali ambapo mgeni hakufikiri kuitafuta, kwa mchungaji aliyeegemea fimbo, na bei yake isingezidi kikao cha jioni na tumbaku kidogo ya kunusa. Waswahili husema kuuliza si ujinga. Kwa Delamere kuuliza hakukumjia akilini kabisa, kwa maana kichwani mwake mwenye elimu ya mifugo alikuwa ni yeye na vitabu vya Kiingereza, na yule wa fimbo alikuwa wa kuajiriwa tu.

Ng'ombe nao wakawa na kisa chao. Aliagiza madume wa damu safi kutoka Uingereza, akanunua majike wa kienyeji kwa mamia kutoka huku na huko. Kuchanganya makundi kutoka sehemu mbalimbali ni kuchanganya magonjwa. Homa ya mapafu ikaingia, na ugonjwa wa miguu na midomo, na ule unaomfanya ng'ombe akojoe mkojo mwekundu. Alipoamua kuhamisha mifugo kutoka penye udongo mbaya, akakutana na ndigana kali, inayoletwa na kupe. Ndama wa kienyeji aliyezaliwa penye kupe huugua akiwa mdogo, akifa amekufa, akipona amepata kinga ya maisha. Ng'ombe wa kuja hana kinga hiyo. Kwa hiyo katika bonde moja, kundi la jirani linaonekana zima, lako linalala chini moja baada ya jingine, na mtu asiyejua sababu anaweza kudhani amerogwa.

Kila pigo lilipokuja, Delamere aliandika barua Uingereza. Mashamba ya Vale Royal yakawekwa rehani, fedha zikaja, fedha zikaisha. Wapo watakaosema huo ndio ujasiri. Mimi naona hapa pana jambo la kuangaliwa vizuri, kwa sababu mtu mwenye mtaji mdogo angesimama baada ya kondoo wa kwanza mia kufa, akajiuliza. Mwenye mfuko mrefu hana haraka ya kujiuliza. Fedha zinamruhusu kukosea kwa ukubwa zaidi.

Ngano ilikuja kama mwokozi. Kama udongo haufai mifugo, tutaulima! Ng'ombe wa jembe wakafungwa nira, nyika ikapinduliwa, na ilipofika mwaka 1909 ekari 1,200 zilikuwa zimesimama ngano, na tumaini lake lote lilikuwa humo kwa sababu mfuko ulikuwa umekauka. Mtu aliyewahi kupita shamba la ngano lenye kutu anajua linavyokuwa. Kwa mbali ni kijani kizuri. Ukiingia ndani, mashina na majani yana vipele vya rangi ya chungwa au kahawia, na ukitembea hatua chache suruali inapata vumbi la rangi hiyo mpaka magotini. Vumbi hilo ni mbegu za kuvu. Kila kipele kimepasua ngozi ya mmea, maji na chakula vinavujia huko, na suke linalobaki lina punje nyembamba zilizosinyaa, hazitoi unga. Mavuno ya 1909 yalikwenda na kutu.

Hapa lazima nimpe haki yake, maana ndipo alipobadilika. Aliacha kupigana na nchi akaanza kuisikiliza. Alimleta mtaalamu, akamjengea maabara shambani kwa gharama yake mwenyewe, na miaka ikapita wakichavusha aina moja ya ngano kwa nyingine, wakipanda, wakitupa zilizoshikwa na kutu, wakibakiza zilizohimili. Zikapatikana ngano za kufaa Kenya. Mwaka 1908 alikuwa ameshaanzisha kampuni ya kusaga, Unga Limited, ambayo jina lake liko kwenye pakiti za unga madukani hadi leo. Mwaka 1927 Njoro ikapata kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu. Kutu haikukubali kushindwa moja kwa moja: mwishoni mwa miaka ya 1990 aina mpya ya kutu ya shina ilionekana Uganda, ikavunja kinga ya ngano nyingi duniani, na nchi za mbali zikaanza kutuma mbegu zao Njoro zijaribiwe penye kutu yenyewe. Hicho ndicho kitu chema kuliko vyote alichoacha, na kilizaliwa siku aliyokubali kwamba hajui.

Na kondoo vilevile. Alipopata shamba la pili, Soysambu, kando ya ziwa Elmenteita, aliacha kung'ang'ania damu safi. Alichukua kondoo wa Wamaasai, wagumu, wasio na sufu ya maana, akawapandisha na merino kizazi baada ya kizazi. Wachungaji wake walikuwa Wamaasai, na alijifunza lugha yao, akawa anakaa nao usiku mrefu kibandani akiwasikiliza habari za ng'ombe. Walipomwibia ng'ombe, jambo lililotokea, alikuwa mwepesi wa kusamehe kiasi cha kuwaudhi Wazungu wenzake. Watu waliomwandika kwa sifa huyapenda sana mambo haya.

Kati ya majaribio yote, la mbuni ndilo la kuchekesha. Manyoya ya mbuni yalikuwa yakivaliwa kwenye kofia za wanawake wa Ulaya, bei ikapanda, akafuga mbuni. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuisha mtindo ulikuwa umekufa, na mbuni wakabaki ndege wa kutazama. Waliokuwa Kenya miaka ya 2013 na 2014 watakumbuka kware, jinsi watu walivyouza ng'ombe wanunue mayai ya kware, na jinsi baada ya miezi michache kware walivyokosa hata wa kuwapokea bure.

Lakini turudi Soysambu, kwa sababu shamba hilo lina swali ambalo vikao vya usiku kibandani havikuligusa. Delamere alilipata mwaka 1906 hivi. Miaka mitatu nyuma serikali ilikuwa imemnyima Naivasha, mwendo wa siku moja au mbili tu kutoka hapo, kwa kuogopa ugomvi na Wamaasai. Kulibadilika nini? Wamaasai walikuwa wameondolewa. Mwaka 1904 Olonana, aliyekuwa laiboni, yaani kiongozi wa kiroho wa Wamaasai, na viongozi wengine walitiwa katika mkataba wa kuhama kutoka malisho ya Naivasha, Elmenteita na Nakuru, sehemu moja ya watu waende Laikipia, nyingine kusini mwa reli, kwa ahadi kwamba huko hawataguswa maadamu kabila la Wamaasai lingalipo duniani. Ahadi hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 walioko Laikipia wakaambiwa nao wahame waende kusini, kwa kuwa walowezi sasa waliitaka Laikipia. Familia na mifugo vikasukumwa njiani katika mvua na baridi, wengi wakafa. Kiongozi wao Parsaloi ole Gilisho na wenzake wakafungua kesi. Mwaka 1913 mahakama ikawajibu kwamba wao si raia wa Uingereza bali ni taifa la kigeni lililofunga mkataba na Mfalme, na mikataba ya mataifa haishtakiwi mahakamani. Kwa kuhamishwa walikuwa raia wa kuamrishwa. Kwa kushtaki wakawa wageni.

Delamere aliyekuwa akisemezana nao kwa lugha yao hakuona kasoro yoyote. Hapo ndipo ninapomlaumu kuliko kwa kondoo. Alikubali kufundishwa na kuvu, na kupe, na udongo. Kwa Wamaasai alikubali kufundishwa mambo ya ng'ombe tu. Neno lao juu ya nchi yenyewe, ni ya nani na nani ahame, hakulihesabu kuwa elimu, na akatumia nusu ya pili ya maisha yake kuhakikisha halisikiki.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa mji wa mabati na matope, na Norfolk Hotel, iliyofunguliwa Krismasi ya 1904, ndiyo iliyokuwa baraza ya walowezi. Inasimuliwa kwamba Delamere na wenzake walikuwa wakipiga taa za barabarani kwa bunduki, na kwamba usiku mmoja walimfungia meneja wa hoteli ndani ya kabati la nyama. Mwafrika angefanya moja ya hayo angekula viboko. Kutoka baraza hiyo walihamia Baraza la Kutunga Sheria, ambako Delamere aliteuliwa mwaka 1907. Mwaka uliofuata, serikali ilipotaka kuweka masharti ya kuwalinda vibarua Waafrika, aliongoza walowezi hadi nyumbani kwa Gavana Sadler, wakamzomea na kumtaka ajiuzulu. Alisimamishwa ujumbe kwa muda, kisha akarudi akiwa na nguvu zaidi.

Wahindi, ambao ndio waliojenga reli iliyomfikisha, walizuiwa kupata ardhi katika nyanda za juu. Sheria ya ardhi ya 1915 ikawapa walowezi mikataba ya miaka 999, ambayo kwa binadamu ni sawa na kusema milele. Kodi ya nyumba na ya kichwa ikamlazimisha Mwafrika atafute kazi ya mshahara. Kipande, yaani kitambulisho cha kazi, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha bati, kikamfungia kwa mwajiri. Machi 1922 watu walipokusanyika Nairobi kutaka Harry Thuku, mtetezi wa Waafrika aliyekamatwa, aachiliwe, polisi walifyatua risasi, na walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk wakaongeza za kwao. Sisemi Delamere alikuwa kwenye baraza ile siku ile. Nasema ni yeye, kuliko mtu mwingine, aliyewafundisha watu wa baraza ile kwamba nchi ni yao.

Mwaka 1923 walowezi walifika mahali pa kupanga kumteka gavana, wakihofia London ingewapa Wahindi haki sawa. Delamere akasafiri kwenda London na ujumbe wake. Kilichotoka ni waraka wa serikali ulioitwa kwa jina la waziri, Duke wa Devonshire, uliosema kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao ndiyo ya kutangulia. Serikali haikuyatekeleza maneno hayo kwa dhati, lakini yaliziba njia ya walowezi kujitawala kama wenzao wa Rhodesia Kusini.

Alichokifanya baadaye kinamhusu msomaji wa Tanzania. Oktoba 1925 aliitisha mkutano Tukuyu, kusini mwa Tanganyika, kwa fedha zake, akawaleta pamoja walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini. Nia ilikuwa mnyororo mmoja wa Wazungu kuanzia Kenya hadi kusini. Akanunua ardhi Iringa na kuunda kampuni ya kuleta walowezi wapya huko, na fedha zikaanza kumiminika tena, zile ambazo hazikuwa zake. Mashamba ya Iringa hayakupata wateja wa kutosha. Tume ya Hilton Young, iliyotumwa na London kuchunguza wazo la kuunganisha makoloni hayo, ikaja, ikatoa ripoti isiyompendeza. Mtu mwingine angeona kwamba hii ni Njoro nyingine, majani mazuri yenye kasoro isiyoonekana kwa macho. Yeye alikopa.

Mkewe Florence alikuwa ameshafariki tangu 1914, baada ya miaka kumi na zaidi ya vibanda, madeni na kumngoja mume. Mwaka 1928 alioa tena. Mwaka huohuo nzige waliingia Kenya, wakaendelea kuja. Mwishoni mwa 1929 soko la dunia likaanguka, na bei za mahindi, ngano na sufu zikashuka hata chini ya gharama ya kuvuna. Moyo wake ulikuwa mgonjwa kwa muda mrefu. Alifariki nyumbani kwake Loresho, Nairobi, tarehe 13 Novemba 1931, akiwa na miaka 61, akazikwa Soysambu. Deni lililobaki benki linatajwa kuwa pauni 500,000.

Waliompenda walimchangia sanamu kubwa la shaba, kazi ya mchongaji Kathleen Scott, likawekwa kwenye Delamere Avenue. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 sanamu lilishushwa, likasafirishwa Soysambu, na barabara ikaitwa Kenyatta Avenue. Ardhi haikuhama kwa wepesi wa sanamu. Mpango wa kugawa ekari milioni moja ulitengewa fedha za mikopo kutoka Uingereza na Benki ya Dunia: mlowezi aliyetaka kuondoka alilipwa bei ya soko, na mkulima Mwafrika aliyepewa kipande akaanza maisha mapya akiwa na deni la miaka mingi, kwa udongo ambao Delamere aliupata kwa pauni 200 kwa mwaka na watu wengine waliuacha kwa kusukumwa na askari. Soysambu ilibaki kwa ukoo.

Agosti 2004, mkataba wa Olonana ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana Nairobi na Laikipia, wakakata nyua za mashamba makubwa na kuingiza ng'ombe, maana ulikuwa mwaka wa ukame. Walidai muda wa miaka 99 wa kukodishwa mashamba hayo umekwisha na nchi irudi kwa wenyewe. Serikali ya Kenya, serikali yao wenyewe, ikawajibu kwamba wamekosea hesabu: mikataba ya mashamba yale ni ya miaka 999. Polisi wakatumwa kuwatoa.